Hoja Aliyoiunga Baba

Jumanne, 4 Februari 2025
Leo Bungeni Baba kasimama kuunga mkono hoja ya kuwaondoa wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Kikuubo, hapa Kampala. Hoja ileile aliyoipinga miaka yote! Nilikuwa juu, viti vya wageni. Kasema vizuri, kwa sauti ileile ya ubunge wa miaka ishirini na nne. Wenzake wameduwaa. Garini Baba akaniuliza kwa furaha, "Umeona walivyonyamaza?"
Nikasema nimeona.

Jumatano, 5 Februari
Redio zote: Hajji Uthman kanunuliwa. Hapa Lubaga hata muuza maziwa hakuitikia salamu yangu.
Nimempeleka Baba hospitali ya Nsambya, kofia imemfunika mpaka nyusi. Daktari kamuuliza, huyu binti yako anaitwa nani? Baba kajibu bila wasiwasi: Hajara. Hajara ni marehemu mama yangu.
Ugonjwa wa kusahau. Daktari anasema haukuanza jana.

Alhamisi, 6 Februari
Ugomvi mkubwa na baba mdogo Sufian, ambaye ndiye anayeendesha ofisi ya Baba. Nimesema tuwaambie watu ukweli, Baba apumzike. Akafunga mlango kwanza. Eti bora waseme kanunuliwa kuliko waseme kachanganyikiwa. "Aliyenunuliwa huchaguliwa tena, Farhana!"
Na jina lake je?
Alikuwa anapiga simu tayari.

Ijumaa, 7 Februari
Leo Baba mzima kabisa! Kaoga, kanywa chai, kafungua gazeti — akakuta picha yake. Alisoma mpaka mwisho.
"Mimi nilisema haya?"
"Ndiyo, Baba."
"Mbele ya watu?"
Akalia. Mazishi ya Mama hakulia. Kisha akajifuta, akasema kesho anakwenda Kikuubo mwenyewe, asizuiwe na mtu. Baba mdogo kajaribu. Wapi!

Jumamosi, 8 Februari
Kikuubo. Tumekwama garini, mbele watu, nyuma watu. Wanapiga bodi kwa viganja. Msaliti! Msaliti! Naandika ili nisipige kelele.
Lailah, kiongozi wa wafanyabiashara, kawanyamazisha. Kaja dirishani. Baba mdogo, kiti cha mbele, kanikazia macho nisifungue. Baba kafungua mwenyewe.
"Hajji," Lailah kasema, macho mekundu, "sisi ni watoto yako. Nani alinunua wewe? Sema tu, ssebo."
Baba kamtazama kwa huruma. Kanigeukia: "Huyu binti analia nini? Nani kamwonea?" Kisha kamshika mkono. "Usiogope, mwanangu. Mimi nipo. Nani anataka kuwaondoa hapa?"
Watu wa karibu wamecheka, cheko la hasira. Wanadhani anawadhihaki. Mmoja karusha chupa, imegonga paa.
Lailah hakucheka. Mkono wake bado umo mkononi mwa Baba. Sasa ananitazama mimi.
"Nnyabo," ananiita kwa heshima, "mzee ana nini?"
Baba mdogo: "Farhana, funga dirisha. Funga!"
Nashuka. Sijui nitaanza na neno gani —