Nywele za Jovin na Njia ya Bondeni

Jumatatu, 4 Novemba

Jovin amelamba grisi ya cheni sasa hivi. Nilikuwa nimeipindua baiskeli, magurudumu juu, naiosha. Kugeuka tu, mdomo mweusi. Nimemfuta kwa ncha ya kanga, akacheka, akataka tena. Ana mwaka mmoja na miezi miwili, na nywele zake hazijaguswa na wembe.

Hizo nywele ndizo zinanihangaisha. Kwetu mtoto wa kwanza ananyolewa na bibi mzaa mama. Mama yangu yuko Nyarubungo na macho yake yanaingia ukungu. Jana kwenye simu alisema, "Mlete upesi. Sitaki nimnyoe kwa kupapasa." Akacheka. Mimi sikucheka.

Daraja limebebwa na mvua, magari hayapiti. Nimeamua. Nitaenda na baiskeli ya mume wangu Deus, kwa njia ya vilimani. Jumamosi. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimechora njia nyuma ya kalenda. Kilima cha kwanza. Bonde la mafunjo. Kilima cha pili. Kulala kwa mama mdogo Editha. Jumapili tambarare mpaka kwa Mama. Kwenye karatasi ni urefu wa kidole tu.

Sokoni nimewauliza vijana wanaoleta ndizi kwa baiskeli kutoka ng'ambo ile. Nikawauliza wanapita wapi wakija, wanatumia muda gani. Masaa matatu, dada, panateleza kidogo tu. Mmoja akauliza nani ataendesha. Mimi. Wakacheka wakashikana mabega. "Basi tutakuokota bondeni!"

Wacheke. Nikitoka saa moja, saa nne nimefika kwa mama mdogo. Nimefurahi siku nzima, hata kulima sikuchoka.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Fundi alisema tope la bondeni linajaa kwenye madigadi, gurudumu linagoma. Nimeyang'oa mwenyewe. Mama mkwe akanikuta.

"Mama Jovin, unaichinja baiskeli ya mwanangu?"

Nikamwambia yote. Akasema, "Na mjukuu wangu unamfunga mgongoni, mnaanguka naye."

Nikarudi jikoni. Ni mkubwa. Lakini nilikasirika hadi maharage yakaungua.

Jioni Deus kapiga simu kutoka Kabanga, anakopakia mizigo. Anasema ningoje, atanipeleka mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi! Yeye ana macho yake mawili.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimefanya majaribio. Jovin mkono huu, mfuko wa maharage mkono huu, nikawa naongeza maharage mpaka wakalingana. Jovin nikamwachia bibi yake, sikusema naenda wapi. Mfuko nikaufunga mgongoni kwa kanga, kama yeye kabisa. Nikashika njia yao, nikaanza kupanda.

Nimeanguka mara mbili. Mara ya kwanza ubavu, si kitu. Mara ya pili chali. Nikasikia mfuko unapasuka chini ya mgongo wangu.

Nililia palepale kwenye tope, kwa sauti. Nikarudi nasukuma.

Siendi. Mama anisamehe.

Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi nimemkuta mama mkwe anaosha yale maharage, anatoa tope moja moja. Shikamoo. Marahaba. Hakuuliza yametoka wapi. Aliuliza tu nani alinionyesha njia.

Nikamwambia, wale vijana wa ndizi.

Alicheka mpaka akaacha beseni. "Yoo! Wale wanakuja wakiteremka, mwanangu! Ulimwona lini mtu anapanda pale? Kurudi wanazunguka kwa njia ya ng'ombe."

Ni kweli. Niliuliza wanapita wapi wakija. Wakirudi sikuuliza. Na mimi ndiko naelekea, kwenye kurudi kwao. Nilijiona mjinga, halafu nikacheka na mimi.

Yeye njia ya ng'ombe anaijua. Alikuwa anapita na mtama kichwani, na mimba ya Deus. Inazunguka kilima, na bondeni wachungaji wametandika mafungu ya mafunjo. Si masaa matatu. Ni siku nzima. Halafu akapanga yeye, kama vile safari ilikuwa yake: atambeba Jovin mpaka tuvuke bonde, mimi nisukume baiskeli. Ng'ambo ananipa mtoto. Kupanda nisukume. Kushuka nisukume. Nipande baiskeli kwenye tambarare tu. Akaniapisha.

Nikamuuliza kwa nini amebadilika. Akasema Deus alinyolewa na bibi yake mzaa mama, na yeye mwenyewe ndiye aliyekishika kichwa kisitikisike. Akarudi kwenye maharage yake.

Mvua bado inanyesha. Nimetoka nje mara tano kutazama mawingu. Ya sita naenda sasa.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua imekatika. Ukungu umelala bondeni, juu yake kilima cha pili kinaonekana vizuri. Nimeshapakia: pampu, kiraka na gundi, chupa ya uji, viazi vya kuchemsha, nepi tatu. Wembe mpya uko ndani ya karatasi yake, ndani ya soksi ya Jovin, ndani ya mfuko wa juu. Nimeukagua mara nyingi mno.

Deus ametuma ujumbe asubuhi. Hagombi. Anasema mfunge kofia, pale juu pana upepo.

Nimemvua kofia kidogo ninuse nywele zake. Zinanukia moshi na maziwa. Nyuma zimejikunja, juu zimesimama. Mama hajawahi kuziona. Nataka azione kwanza, kabla ya wembe. Nimempigia kumwambia tunakuja. Amesema atakaa nje kesho mchana kutwa, mahali penye mwanga.

Bibi yake yuko uani, Jovin yuko mgongoni kwake tayari, anampiga mabegani kama mtu anayeendesha punda. Ananiita, Mama Jovin, daftari halitavusha mtu. Naja. Nilitaka tu kuandika kwamba hata kama Mama ataona kidogo tu, hata kama ataona kivuli cha nywele tu, inatosha. Ananiita tena.