Kiti Mwisho wa Kamba

Jumapili, saa nane mchana, hapa Nyasho. Mvua inanyesha tangu alfajiri na sikwenda kanisani. Mama amekwenda peke yake na mwavuli wangu. Siwezi kukaa kwenye benchi nikaimba habari za amani huku moyo unachemka hivi.

Nina hasira. Nimeamka nayo, nimeosha vyombo nayo, na sahani moja imeshakwenda.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa biolojia, na Jumamosi huwa nazamia. Klabu yetu ina watu tisa, mitungi minne ya hewa na kibanda cha mabati kule Kigera, karibu na maji. Hatuzamii kwa starehe. Tunatafuta injini za boti zilizozama, nyavu zilizonasa, na mara nyingine tunatafuta watu. Ziwa letu si lile la kwenye kalenda. Ukishuka mita nne tu huoni hata mkono wako mwenyewe. Unafanya kazi kwa kupapasa, na kinachokuunganisha na walio juu ni kamba.

Upande mmoja imefungwa kiunoni kwako, upande wa pili iko mikononi mwa mwenzako. Ukivuta mara moja, niko salama. Mara mbili, legeza. Mara tatu, nimepata. Mara nne, nitoe. Na kwa sababu maji yamejaa nyavu za watu, hupandi unavyotaka. Unarudi kwa kufuata kamba, njia ile ile uliyoshukia.

Ndiyo maana kwetu mshika kamba hasalimiwi. Hili hatukuliandika kwenye katiba ya klabu, lakini ufukwe mzima unalijua. Wanawake wanaoanika dagaa wanapita nyuma yake kimya. Wavuvi wazee, ambao ukiwapita bila shikamoo habari inafika nyumbani kabla yako, wanampita naye hasemi kitu, na hakuna anayesema hana adabu. Salamu zitakuja baadaye, aliye chini akishatoka.

Mshika kamba wangu ni Magesa. Miaka sita sasa. Siku ninayoshuka mimi, anashika yeye. Siku anayoshuka yeye, nashika mimi. Ni fundi wa pikipiki, mtu wa utani, na mikono yake naijua kuliko sura yake. Nasema hivyo bila aibu.

Jana klabu nzima tulikwenda Bunda kwenye maonyesho ya vifaa vya uzamiaji. Basi la shule niliomba mwenyewe, nikasaini mwenyewe. Tulitoka Musoma asubuhi tukiimba, tukasimama Kiabakari kununua mahindi ya kuchoma, Magesa akamvalisha dereva miwani ya kuzamia, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa na furaha. Leo nikiikumbuka ile furaha ndiyo inanikera zaidi.

Maonyesho yalikuwa kwenye uwanja wa hoteli moja yenye bwawa la kuogelea. Mahema meupe, muziki, sanamu iliyovalishwa suti ya mpira. Kila meza ilikuwa inauza kuona: taa za majini, kamera za majini, miwani ya vioo vipana. Muuzaji mmoja aliniuliza ziwani kwetu tunapenda kuangalia samaki gani. Nikamwambia hatuoni kitu. Akacheka, akidhani namtania. Nilizunguka meza zote na hakuna hata moja iliyokuwa na kamba.

Hata kipande.

Kisha waandaaji wakatuomba tuonyeshe tunavyofanya kazi. Mwenyekiti wetu Mafuru akakubali hata hawajamaliza sentensi, kwa sababu walikuwa wametudokezea habari ya kutusaidia mitungi miwili. Nikavaa vifaa vyao. Miwani tukaiziba kwa solotepu nyeusi ili giza liwe kama la ziwani, wakatupa spana bwawani niitafute kwa mikono. Magesa akakaa kwenye kiti cha plastiki pale ukingoni, kamba mkononi. Nikashuka.

Spana niliipata. Nikavuta mara tatu. Kimya. Kawaida Magesa hujibu kabla sijamaliza kuvuta. Nikavuta tena. Kimya. Halafu kile kifaa chao cha kuvutia hewa mdomoni kikaanza kuingiza maji, kidogo kwanza, halafu si kidogo. Nikavuta mara nne.

Hakuna aliyejibu.

Najua. Bwawa lile kina chake ni mita tatu. Ningevua miwani, ningepiga miguu, ningekuwa juu. Jana kila mtu alinieleza hilo kana kwamba mimi sikusoma. Lakini mwili uliofundishwa gizani miaka sita haujui kwamba leo juu yako kuna watu wanakunywa soda. Mwili unajua vuta mara nne, halafu subiri. Nikasubiri huku nameza maji. Nikaogopa, nikaogopa kweli. Mwisho nikavuta kwa nguvu zangu zote, na kitu kikaja, kikanigonga bega. Nikakipapasa. Kilikuwa na miguu minne.

Kilikuwa kiti.

Nilipiga miguu nikatoka majini nakohoa, kiti kinaning'inia kwenye kamba, na watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Wengine walicheka mpaka wakashikana mabega.

Na Magesa alikuwa wapi? Mgeni rasmi alipita. Mkubwa, suti nzuri, msafara nyuma yake. Alimwendea Magesa akanyoosha mkono. Magesa naye kalelewa kwamba mkubwa anapewa mkono wa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko. Kwa salamu ya namna hiyo mikono yote miwili inatakiwa. Akafunga kamba kwenye mguu wa kiti, akasimama, akasalimia. Kisha ikaja picha. Kisha mgeni akauliza swali kuhusu mashine ya kujazia hewa, wakatembea pamoja mpaka kwenye hema la mashine.

Nimelifikiria hili tangu jana. Ufukweni kwetu Magesa hajawahi kumnyima mtu mkono, kwa sababu hakuna aliyewahi kumnyooshea. Wote tulimkinga, na hatukujua kama anaweza kujikinga mwenyewe. Naelewa. Kuelewa hakujanipunguzia hasira hata chembe.

Nikiri: nilimfokea mbele ya watu. Nilimwita neno ambalo nikilisikia darasani namtoa mtu nje.

"Sasa dada," akasema Magesa, "si ungesimama tu? Maji yenyewe ya bwawa. Na yule mzee ningemwambiaje? Mkubwa anaachwaga na mkono hewani?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Anaachwa."

Mafuru akanivuta pembeni. "Mwalimu, tulia. Utatukosesha mitungi."

Kurudi Musoma nilikaa siti ya nyuma peke yangu. Leo asubuhi video imo kwenye grupu la klabu, na mmoja ameandika: Mwalimu kavua kiti. Chini yake vicheko vinane, pamoja na cha mwandishi mwenyewe. Klabu ina watu tisa, kwa hiyo hata Magesa amecheka, au alibonyeza tu ili aonekane yupo. Sijui lipi ni baya zaidi.

Saa kumi. Mama amerudi, amelowa pamoja na mwavuli. Ameniangalia usoni, akaacha habari za kanisa. Nikamsimulia yote. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Na wewe ulikuwa bado chini?"

"Nilikuwa chini, Mama."

"Akashika mkono wa mtu."

"Akashika."

Akakaa na viatu vyake vilivyolowa. Akasema kitu kwa lugha ya nyumbani ambacho siwezi kukiandika hapa.

Mama ana haki ya kusema vile. Hili sijawahi kuliandika popote. Siku baba alipofariki, nilikuwa Kigera nimeshika kamba, na Magesa yuko chini anatafuta injini. Simu yangu ilikuwa kibandani, kama inavyotakiwa. Mama alitoka hospitali alikolazwa baba, akaja ufukweni na bodaboda. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alivua kandambili, akakaa kwenye mchanga nyuma yangu, mikono mapajani. Nilidhani ameniletea chakula. Alikaa pale nusu saa, pengine zaidi. Hakulia, hakuniita. Magesa alipotoka majini na kuvua mtungi, ndipo Mama aliposimama akanishika bega.

"Nyamisi, baba yako ametutoka."

Nusu saa nzima Mama alikaa na kifo cha mumewe mdomoni, ili Magesa aendelee kuvuta hewa. Na Magesa analijua hilo. Tulipomzika baba kule Butiama, alimpigia Mama magoti mbele ya waombolezaji wote.

Kwa hiyo wasiniambie habari za mita tatu.

Saa kumi na moja. Mafuru amepiga simu, na sauti yake si ile ya jana. Huko Guta mtumbwi umepinduka jana jioni. Wawili wameogelea mpaka nchi kavu. Wa tatu, baba wa watoto watatu, hajaonekana. Ndugu zake wako ufukweni tangu jana, na wanatuomba tufike kesho asubuhi.

"Utashuka?" akaniuliza. "Maana kazi ya kutafuta mtu mnaiwezaga ninyi wawili tu. Hawa wengine bado. Kama hutaki Magesa akushikie, mimi sina pa kwenda."

Nilitaka kusema sishuki. Neno lilikuwa tayari. Kumwambia mtu kwamba hatashika tena kamba yangu ni haki yangu, na hata nikiombwa radhi sitaitoa haki hiyo kama njugu. Lakini kuna mke wa mtu amekaa kwenye mchanga kule Guta, mvua hii yote. Nikamwambia Mafuru nitampigia.

Kabla sijampigia, ujumbe wa Magesa ukaingia. Dada nimekosa. Chakula hakipiti. Mwambie Mama nimekosa.

Sijamjibu. Kusema kweli nilifurahi kwamba hali chakula. Ujumbe nilimwonyesha Mama. Akausoma mara mbili, miwani ikiwa puani, akanirudishia simu.

"Kesho mpelekee chai ya moto," akasema. "Maji ya asubuhi yanakuwaga baridi."

Hakusema nimsamehe, na mimi sikumuuliza.

Nimempigia Mafuru. Nimemwambia kesho atakayeshuka ni Magesa, na kamba nitashika mimi. Alishangaa, akauliza kama ninamwadhibu. Sijui. Huenda kuna adhabu ndani yake, siwezi kujisafisha. Ninachotaka ni hiki: akiwa kule chini gizani, akivuta mara moja, ajibiwe kabla hajamaliza kuvuta. Na iwe hivyo kila mara, mpaka atoke. Akishatoka, akishakunywa chai yake, kama bado nina hasira nitamfokea tena. Nadhani nitakuwa nayo.

Nimeitandaza kamba hapa sebuleni naikagua fundo kwa fundo. Mama ameshika mwisho wa pili.

Kesho Guta patakuwa na watu wengi. Wakubwa nao watakuja, ziwa likichukua mtu huwa wanakuja, na watapita wakitoa pole na kunyoosha mikono.

Wataikuta yangu yote miwili ina kazi.