Kimya cha Makorongo

Indianapolis,
Jumapili, 11 Agosti 2019

Kaka yangu mpenzi Norbert,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na wifi Bernadine, na hiyo nyonga yako mpya nayo naisalimu, maana sasa imekuwa mtu wa nyumbani. Je, maumivu yamepungua? Je, unatembea hatua mia mbili asubuhi na jioni kama daktari alivyoagiza, au unazihesabu ukiwa umekaa? Usinidanganye, nitamuuliza Bernadine. Mimi huku ni mzima, ila miguu imevimba kidogo kwa ngazi za uwanja na sauti imenikauka kabisa. Namshukuru Mungu kwa yote mawili.

Najua mashindano ya vikundi vya gwaride la ngoma na matarumbeta uliyatazama kwenye kompyuta, na najua uliipandisha sauti mpaka majirani wakafunga madirisha. Lakini kompyuta inakuonyesha kiwanja tu. Haikuonyeshi maegesho ya magari, na wewe unajua kwamba nusu ya raha iko kule, ngoma zinapopashwa moto kwenye lami nawe umesimama karibu kiasi cha kuhisi mlio ndani ya mbavu. Alhamisi nilifika mapema na kapu la jibini mbichi, ile inayolia kwenye meno, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeigawa yote. Wazee wetu walikuwepo wote. Yule mwenye kofia iliyojaa pini hadi imeinama upande aliniambia kwamba kinanda cha umeme kimeua gwaride, na kwamba mwaka huu ndio wake wa mwisho, kuanzia sasa anavua samaki. Nilimkumbusha kwamba aliniambia maneno hayo hayo miaka kumi iliyopita. Akasema samaki wanaweza kusubiri.

Sasa nikupe habari za mjukuu wetu. Annika amekuwa mweusi kwa jua, isipokuwa viganja ambavyo glavu zimeviacha vyeupe kama vya muuza maziwa. Vidole vyake vimefungwa plasta vitatu kwa viwili. Tangu Mei analala kwenye sakafu za kumbi za michezo za shule, anakula mara nne kwa siku kwenye lori la jikoni, na bado nguo zinampwaya. Nilipomkumbatia alinuka jasho na mafuta ya kuzuia jua. Nilimuuliza kama amechoka, akasema, "Bibi, nitachoka Jumapili." Amewekwa katikati ya safu ya ngoma ndogo, na wenzake wanane wote wanamsikiliza yeye kabla ya kupiga. Ningekuwa na mkia ningeutingisha.

Mambo yalivyokuwa unayajua, lakini acha niyaandike, maana kuyaandika kunanituliza. Huu ni mwaka wa tano mtoto yumo katika kikundi cha Makorongo, na miaka minne iliyopita Makorongo wamemaliza wa kumi na tatu, wa kumi na tano, wa kumi na nne, wa kumi na tatu tena. Vikundi vinavyocheza fainali ya Jumamosi ni kumi na viwili tu. Naye ana miaka ishirini na moja, umri wa mwisho unaoruhusiwa. Mwakani mlango umefungwa, na hakuna anayefunguliwa hata awe nani. Kwa hiyo Ijumaa, siku ya nusu fainali, ama Annika apate Jumamosi moja maishani mwake, ama arudi nyumbani bila hata moja.

Na kizingiti kilikuwa kile kimya. Onyesho lao la mwaka huu ni la ziwa lililoganda, na katikati yake watoto mia moja na hamsini wanasimama wima, bila sauti, bila kupepesa, kwa sekunde kumi na mbili. Halafu Annika anaanza peke yake, polepole, kama barafu inayopasuka mbali. Mwezi wa Julai kijiti kilimponyoka pale pale, mbele ya watu elfu nane, na wewe ndiye uliyempigia simu akiwa analia kwenye basi. Tangu siku hiyo amekuwa akiiota hiyo sekunde ya kumi na mbili.

Ijumaa nilikaa mahali petu pa siku zote, pamoja na Earl na mkewe Wanda wa Ohio. Ni mwaka wa kumi na tisa tunakaa pamoja kila Agosti, na bado sijui Earl anafanya kazi gani. Tulivaa masweta, kwa kuwa uwanja ule wenye paa wanaupoza kana kwamba wanahifadhi nyama. Earl alikuwa na daftari lake la alama, ambalo halijawahi kupatia hata mara moja. Mimi, kama unavyonifahamu, nilianza kwa kumwonya juu ya kelele za kutafuna karanga. Nina sifa yangu katika sehemu ile. Watu wakiniona tu wanakunja mifuko ya bisi.

Makorongo waliingia mchana, na kaka, walicheza! Matarumbeta yalipofunguka kwa pamoja nywele za mikono zilinisimama. Bendera ziliruka juu na zote zikarudi mikononi, hakuna iliyoanguka. Wanda alianza kulia dakika ya tatu, kama kawaida yake. Kisha kikaja kimya. Jaji wa ngoma alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa Annika, kinasa sauti mdomoni. Nilihesabu moyoni: sita, saba, nane. Na kwenye sekunde ya tisa, kama ulivyosikia, mwanamke mmoja huko jukwaani alipiga yowe. Uwanja mzima ukageuza shingo. Lakini Annika hakugeuka. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili, na kijiti kikashuka laini mahali pake, na yaliyofuata uliyaona mwenyewe, mlio ukipanda taratibu hadi watu wote wakasimama.

Simu yako iliingia hata makofi hayajaisha. Ulinguruma mpaka Earl akakusikia kiti cha tatu. Ulisema yule mwanamke afungwe kwenye kiti kwa kamba, kwamba bila shaka alikuwa amelewa, kwamba kama si nyonga ungekuja na fimbo yako ukamfundishe adabu, na kwamba wakishindwa kwa pointi moja ni yeye aliyemnyang'anya mtoto Jumamosi yake. Nami nikakuitikia kwamba kweli kaka, huyo hana haya, sijui kalelewa na nani.

Baada ya hapo tukasubiri. Wanda alininunulia mkate wa nyama ya nguruwe, ile bapa inayotokeza nje ya mkate pande zote, nami nikautazama tu. Earl alipiga hesabu zake akatangaza kwamba Makorongo ni wa kumi na tatu, nikapata tumaini kidogo, kwa kuwa Earl hukosea. Walipoanza kusoma matokeo niliufumba mdomo kwa mikono yote miwili. Wa kumi na mbili: Makorongo! Waliwapita wa nyuma yao kwa sehemu tano za mia za alama. Tano za mia, Norbert! Wanda na mimi tulikumbatiana tukaipindua soda ya mtu mbele yetu, naye akageuka akatukumbatia.

Jumamosi walifungua wao, kama inavyompasa wa kumi na mbili, na wakamaliza wa kumi na mbili. Hakuna aliyejali. Walipotoka, wale wanaofikia mwisho wa umri walivua viatu vyao wakavipanga kwenye mstari wa uwanja, wakaondoka na soksi. Vya Annika vilikuwa vya nne kutoka kushoto, kimoja kimefungwa kwa utepe wa gundi. Nililia, na sijutii hata chozi.

Sasa, kaka, kaa. Kama umesimama, kaa, nyonga isije ikateguka.

Yule mwanamke ni mimi. Mimi Marcella, dada yako wa tumbo moja, na sikuwa nimeonja hata bia. Nililosema ni "Huyo ni wetu!" lakini kwenye kompyuta nadhani lilitoka kama mlio wa bata. Na uliponipigia sikuweza kukiri. Ukianza kunguruma mimi hukubali kila kitu, ndiyo maana naandika. Nilipokwambia sijui kalelewa na nani, nilimsingizia mama yetu marehemu, Mungu anisamehe. Toka saa ile mpaka matokeo yaliposomwa nilijiona mwizi, nimemwibia mtoto kitu ambacho singeweza kukirudisha.

Nilikwenda kwenye lori la jikoni kumwomba radhi. Mwalimu wao wa ngoma alinitazama kama mtu aliyekanyaga keki ya harusi, na alikuwa na haki. Lakini Annika alicheka hadi akaegemea gurudumu. Akasema, "Bibi, magoti yalikuwa yananicheza vibaya. Ulipopiga kelele nikabanwa na kicheko, na mtu aliyebanwa na kicheko hana nafasi ya kutetemeka." Sijui kama ni kweli au alinihurumia. Kisha akanisikilizisha maneno ya jaji, yale wanayorekodiwa kila mchezo ili wajifunze. Yumo anasema kimya kizuri, hakuna anayetikisika, halafu naja mimi, wazi kama kengele ya kanisa, halafu jaji anacheka puani na kusema, "Haya mama, tumemwona. Na hicho kijiti cha kwanza, safi."

Annika atafika kwako Jumatano na ile sauti kwenye simu yake. Ungenitambua kwa neno la kwanza, nami nimeona heri uisikie kwangu. Jumamosi Earl aliniletea utepe wa kufungia maboksi, akaniambia, "Miaka kumi na tisa unanikataza karanga! Utaufunga mdomo mwenyewe au nikufunge?" Nilimpa Wanda mkono wangu aushike, na nikanyamaza sekunde zote kumi na mbili.

Lakini ile ya Ijumaa, kaka, sitaijutia milele, na nitakwambia sababu. Mwaka wa 1966, kikundi cha wavulana cha parokia kilipopiga kwenye maonyesho ya wakulima, wewe ulikuwa na miaka kumi na minne na ukaachwa upige ngoma peke yako. Mimi nilikuwa na kumi na moja, nje ya uzio, kwa kuwa wasichana hawakuruhusiwa ndani, na kila pigo lako nilikuwa nalijua kwa kulifanyia mazoezi kwenye ndoo ya maziwa. Nilifungua mdomo kukushangilia, na baba akauziba kwa kiganja chake. Akasema mtoto wa kike hushangilia kwa macho. Nikatii. Nilitii vizuri hata nikawa ninawanyamazisha wengine. Ijumaa nilimwona Annika amesimama katikati na ngoma yake, na kile kiganja hakikuwepo. Kwa hiyo kabla hujachukua fimbo, ujue kwamba nusu ya yowe lile ni la mjukuu wako, na nusu ni lako. Limechelewa tu kukufikia, miaka hamsini na mitatu.

Mpe wifi busu langu, na wale wote wa kanisani uliowasimulia juu ya mlevi wa Indianapolis nao wape salamu. Nitapumzika siku chache kwa Wanda na Earl, si kwa woga, kisha nitakuja kukuona. Tembea hatua zako. Ubaki na amani.

Ni mimi dada yako akupendaye, kwa sauti na kwa macho,

Marcella