Uji wa Alhamisi

Majimoto, Jumapili 17 Juni 1956

Mwanangu Verdiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Mmeamkaje huko Mpanda, wewe, mkwe wangu Evodi, na mume wangu mdogo Bartolomeo? Tumbo lake limetulia? Usingizi anapata? Mimi nilifika juzi Ijumaa nikiwa mzima, ila mgongo nimeuacha kwenye lori. Kutoka Sitalike mpaka Usevya nimekalia magunia ya chumvi, na kila shimo la barabara nililihesabu kwa mifupa. Baba yako nimemkuta amekonda. Anasema ni kwa kunikumbuka. Mimi nasema ni kwa kujipikia.

Wiki zote nilizokaa kwako nimefurahi, usione nilikuwa nanung'unika. Ila hiyo mizani ya kliniki inaninyima raha mpaka huku. Mtoto wa miezi miwili kuwekwa kwenye bakuli la bati na kuandikwa daftarini kama mpunga wa sokoni, jamani. Na tena mara mbili kwa siku moja. Siku ile tulipokwenda wote nilimwona mwenzako Imakulata, mtoto wake kaambiwa mwepesi, akatoka pale kainamisha kichwa mbele ya wanawake wote. Nikasema moyoni, wangu hatatoka hivyo.

Je, Alhamisi hii amepimwa? Ametoka na ngapi? Niandikie upesi, hata mistari miwili. Na Mama Hilaria jirani yako msalimie sana. Mwambie namkumbusha tu lile tulilozungumza, yeye anajua.

Nikikosea herufi soma hivyo hivyo. Mimi shule yangu ni ile ya katekista, ya kubatizwa, basi.

Ni mimi mama yako

*

Mpanda, Ijumaa 29 Juni 1956

Mama yangu mpenzi,

Milele na milele amina. Shikamoo, na baba shikamoo yake. Huku tunaendelea, mgongo wako pole. Mama Hilaria salamu nimempa, akacheka akasema, "Mwambie Mama asiwe na wasiwasi, nafanya." Sijui mnafanya nini nyie wawili.

Mama, nakuandikia nikiwa na huzuni. Umeniuliza habari ya mizani. Bartolomeo uzito wake si mbaya, ratili kumi na mbili. Shida si yeye, shida ni mimi. Nikueleze vizuri, maana ulipokuwa hapa ulikuwa ukisali rozari muda wote wa kupima. Nesi Regina anampima mtoto kabla hajanyonya. Halafu ananyonya pale pale kwenye benchi mpaka aache mwenyewe. Halafu anapimwa tena. Kilichoongezeka ndiyo maziwa yangu. Wenzangu wanapata wakia tatu, nne. Mimi Alhamisi nne mfululizo ni wakia moja, na jana hata moja haikutimia. Ananyonya kidogo, anageuza uso, analala.

Tupo wanawake ishirini na wanne katika daftari hilo. Daktari na nesi wanataka kujua maziwa yetu yanatosha kiasi gani, na tena kama watoto wanaonyonya tu bila kitu kingine wanaugua kidogo kuliko wanaochanganyiwa. Ndiyo maana tuliambiwa tusiwape chochote, hata maji, nami sijampa chochote. Nesi ameniambia kwa upole kwamba labda maziwa yangu ni haba, wapo wanawake wa hivyo. Daktari ameandika kwamba tarehe 12 Julai, kama mizani ni ile ile, Bartolomeo aanze maziwa ya kopo.

Evodi amefurahi. Kule mgodini kwenye kazi yake mtoto wa karani anakunywa kopo na mashavu yake yamejaa. Lakini nesi mwenyewe hafurahii. Anasema kopo linataka maji yaliyochemka kila mara, na chupa iliyochemshwa, na kule kambi ya mgodi watoto watatu wa kopo wameharisha mwezi huu. Mmoja hawakuweza kumwokoa.

Mama, wewe ulininyonyesha mpaka nikatembea. Mbona mimi nimekauka hivi? Nikimwangalia anavyogeuza uso naona kama ananikataa. Nilie kwa nani kama si kwako.

Mwanao Verdiana

*

Majimoto, Ijumaa 6 Julai 1956

Mwanangu Verdiana, mwanangu Verdiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu zisiwe nyingi leo. Sisi wazima, baba yako mzima, mpunga umeingia ndani. Barua yako nimeipata jana jioni na tangu hapo sijakaa chini. Alois ana lori la mpunga linaondoka kesho kuja Mpanda, nimemwambia barua hii asiipe posta, aipeleke kwa mkono wake. Namwomba Mungu mto Kavuu uwape njia.

Sikiliza. Hujakauka. Usimpe kopo. Ni mimi.

Kila Alhamisi nilipokuwa kwako, ulipokwenda bombani kuchota maji na kuoga kabla ya kliniki, nilimpa Bartolomeo uji. Mwembamba, wa mchele, nimeuchuja kwa kitambaa, nikampa kwa kijiko chako kile kidogo. Alikuwa anaupenda, anamaliza na kulamba. Nilifanya hivyo ili awe mzito. Mimi nilijua mizani ni mashindano, mtoto mzito anasifiwa na mwepesi mama yake anaaibishwa kama Imakulata. Sikujua wanatoa ile ya kwanza kwenye ile ya pili. Ningejuaje? Nilikuwa nimefumba macho nasali.

Na nilipoondoka nikamwachia Mama Hilaria unga wa mchele kwenye mkebe, nikamwambia, "Alhamisi tu, Verdiana akikuachia mtoto aende bombani. Nusu bakuli. Usimwambie, atamsikiliza nesi." Ndilo hilo lile tulilozungumza. Mama Hilaria usimgombeze, alinitii mimi kama mkubwa wake.

Kwa hiyo mtoto anafika kwenye benchi ameshiba. Atanyonya nini tena? Hakukatai wewe. Amejaa mpaka hapa shingoni. Siku nyingine zote ananyonya, si ndiyo? Titi halikuumi kwa kujaa siku ya Alhamisi mchana? Mimi ningekuwa na akili ningejua hapo hapo.

Mwanangu, nimeogopa sana. Nilitaka kumpa mjukuu wangu sifa, na sasa wanataka kumnyima titi kwa ajili yangu. Mwonyeshe nesi barua hii. Mkwe wangu usimwonyeshe, tafadhali. Mimi na yeye hata kula hatujawahi kula pamoja kwa heshima, sasa aje asome habari za vijiko vyangu.

Na jambo moja tena. Nyie sita wote niliwapa uji tangu siku ya tatu, kama mama yangu alivyotupa sisi. Wanne mpo. Wale wawili, Damiano na yule tuliyembatiza wenyewe nyumbani, waliondoka kwa kuhara kabla hawajakaa. Muulize nesi kama... Hapana, usimuulize. Muulize.

Ni mimi mama yako mkosaji

*

Majimoto, Ijumaa 20 Julai 1956

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo? Alois amerudi, anasema barua aliifikisha Mpanda tarehe 11, lakini nikimuuliza alimpa nani anajikuna kichwa, anasema, "Nilimpa mtu wa kwenu, Mama, msiwe na shaka." Mtu wa kwetu nani?

Tarehe 12 imepita. Kila lori likisimama sokoni natoka. Baba yako anasema nikiendelea hivi nitafukuzwa na wauza samaki, wanadhani nataka biashara yao. Kama umekasirika, niandikie hasira. Hasira nitaisoma. Huu ukimya siwezi kuusoma.

Kopo ameanza? Anaharisha?

Mama yako

*

Mpanda, Jumapili 22 Julai 1956

Mama yangu,

Milele amina na shikamoo. Bartolomeo haharishi. Kopo hajaonja. Nimetanguliza hilo ili ukae chini.

Nilikasirika, Mama, nisikufiche. Wiki nzima nilishika kalamu nikaiweka. Na mkebe wa unga nilimrudishia Mama Hilaria mkononi bila neno, naye siku mbili hakunisalimia kwa aibu. Sasa tunachota maji pamoja tena, na Alhamisi mtoto naenda naye mwenyewe bombani, mgongoni.

Sasa sikia ilivyokuwa. Alois hapajui kwetu Shanwe. Anajua mgodini. Kwa hiyo barua alimpa Evodi. Jioni ile Evodi hakuifungua, aliiweka mfukoni akaisahau. Asubuhi ya Alhamisi, akiwa kazini, akaikuta. Nami nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi. Mama Hilaria alishampa uji, mizani ilishasema nusu wakia, na kopo lipo juu ya meza, nesi anasafisha chupa. Nikaona Evodi anaingia na nguo za mgodini, vumbi mpaka kwenye nyusi, katikati ya wanawake wanaonyonyesha, na yeye mtu wa aibu vile. Akampa nesi barua bila kunitazama, akasema, "Someni kabla hamjafungua hilo." Halafu akasimama ukutani anaangalia paa.

Nesi Regina akasoma kimya. Akasoma tena. Akaniuliza, "Verdiana, titi linakuuma saa hizi?" Nikasema linauma kama jipu, huwa linauma kila Alhamisi. Akasema basi hatuendi popote. Akaniketisha pale mpaka saa saba mchana, mtoto hakupewa hata tone. Alipoanza kulia nilitaka kumpa, nesi akasema subiri kwanza nimpime. Akampima. Akanyonya, Mama, mpaka nikasikia anavyomeza. Akapimwa tena. Wakia tano kasoro kidogo. Evodi akatoka nje, akasema macho yameingia vumbi.

Lakini haikuishia hapo. Nesi akageukia wenzangu akauliza nani mwingine mtoto wake amekula nyumbani asubuhi hii. Wote wanaangalia kanga zao. Kisha Imakulata akaanza kucheka, hawezi kujizuia, akasema, "Kwangu ni mama mkwe. Anampa uji wa ulezi ili tusiaibike tena." Mwingine akainua mkono, mwingine tena. Siku kumi hizi wameulizwa vizuri. Kumi na watatu, Mama, kati ya ishirini na wanne. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika kwamba wanawake wa Mpanda wana maziwa haba. Nesi kampelekea barua yako. Daftari lote limepigwa mstari, wanaanza upya, na sasa swali la kwanza ni mtoto amekula nini na amelishwa na nani.

Lile la Damiano na mdogo wake nilimuuliza. Akasema hawezi kujua, hakuwapo, na watoto wengi wanaondoka kwa njia nyingi. Akasema, "Mwambie mama yako alitoa alichofundishwa, na miaka ile hakukuwa na mtu wa kumwambia vingine."

Naye anakuomba umjibu jambo moja, aliandike. Kwa nini bibi anatoa uji hata akikatazwa?

Evodi anakusalimu. Anasema barua hakuisoma, alishika bahasha tu. Tumekubaliana iwe hivyo.

Mwanao Verdiana

*

Majimoto, Alhamisi 2 Agosti 1956

Mwanangu Verdiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeisomea hapo hapo sokoni, nikaketi kwenye gunia la mtu. Wakia tano. Baba yako nimemwambia akauliza wakia ni nini, nikamwambia ni furaha. Mkwe wangu mwambie nashukuru kwa kushika bahasha vizuri.

Kwa Damiano nimekaa na lile jibu. Limenipunguzia kitu. Siku nyingine tutaliongea tukiwa wawili.

Sasa nesi mwandikie hivi, kama nitakavyosema. Bibi hatoi uji kwa sababu mtoto ana njaa. Anatoa kwa sababu mtoto akilia, bibi anasikia wale aliowazika. Mkono unakwenda kwenye chungu wenyewe. Ukitaka asitoe, usimkataze tu na kumweka pembeni na rozari. Mwonyeshe mizani. Mkalishe karibu amsikie mtoto anavyomeza, kama wewe ulivyosikia. Na yule mwenye mtoto mwepesi asisemewe mbele ya watu. Hapo ndipo uji wote ulipoanzia.

Na huku kuna habari. Kalista, mke wa kaka yako Baltazari, amejifungua juzi usiku, msichana. Wazee wenzangu wamekuja, wote wananitazama mimi niweke chungu motoni, maana leo ni siku ya tatu. Nimewaambia tumpe mama nafasi kwanza. Shangazi yako amesema Mpanda imeniharibu. Nimemwambia kaa.

Ninaandika nikiwa hapa kizingitini, barua nimeiegemeza gotini. Mtoto ameamka ndani. Analia, mwanangu, analia kweli, na sauti anayo. Shangazi yako ameshasimama. Mimi nashika kalamu kwa mikono miwili, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi. Bado analia. Kalista anamwambia kitu, sisikii.

Amenyamaza. Anameza.

Mama yako