Wiki ya Bi Taratibu

Nyumba ya Kona,
Mlango wa Fundi Cherehani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye sasa hivi ameketi mbele yangu ananikodolea macho kama msimamizi wa mtihani. Hujambo huko, mdogo wangu? Kifua bado kinakusumbua baridi ikizidi? Na wifi yangu je, na mapacha? Ukinijibu usiandike "sote wazima" ukaishia hapo. Nataka kujua nani ameng'oka jino na nani amegoma kula.

Sisi hatujambo. Leo nasema hivyo kwa moyo wote, maana mwaka jana wote nilikuwa nakuandikia kwa mazoea tu.

Najua bado umenuna. Niliposema natafuta mtu wa kukaa na mama ili nipumzike, ulinijibu kwamba mama ana watoto wa kuzaa, iweje ashikwe na mtu baki. Maneno yako yalinichoma, sikufichi. Watoto wa kuzaa tupo wawili, na mmoja yuko ng'ambo. Lakini leo sina ugomvi na wewe, nimelala vizuri.

Unajua tangu mama apate kiharusi, upande wa kulia ukalegea, mimi ndiye mkono wake. Namwogesha, namvisha, namlisha, kisha narudi kwenye cherehani kumalizia nguo za watu huku sikio moja liko chumbani kwake. Mwezi uliopita nilimpeleka zahanati kupimwa presha. Yake ilikuwa nzuri. Muuguzi akanitazama usoni, akanipima na mimi. Akarudia, akidhani mashine imeharibika. Akaniuliza, "Kati yenu wawili, mgonjwa ni nani?" Aliniambia wazi kwamba nisipopumzika nitaanguka, na mama atabaki bila mtu kabisa.

Ndiye aliyenielekeza kwenye kituo cha wazee nyuma ya zahanati. Kumbe wana watu waliofundishwa kutunza wagonjwa, wanakuja kukaa nyumbani kwako ili wewe uende zako ukapumue. Lile geti nimepita mbele yake mara nyingi, nikidhani ni mahali pa kupeleka wazee wasio na watu.

Wakatuletea mama mmoja wa makamo, mhudumu wa wodi aliyestaafu, mpole, mzito wa mwendo, ambaye siku hizi mama anamwita Bi Taratibu. Nilimwonyesha kila kitu: mto upi, kikombe kipi, chai ipoe kiasi gani. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniuliza basi langu linaondoka saa ngapi. Mama alikuwa amegeukia ukutani. Hakuniaga. Nilishuka ngazi nalia, najiona kama nimemtupa.

Nikaenda kwa mama mdogo. Njiani basi lilisimama tupate chakula, nikakaa meza moja na mzee mwenye kofia, abiria mwenzangu. Mwili uko pale, mawazo yako nyumbani. Nikaja kushtuka nimeshamkatia nyama yake vipande vidogo vidogo, nimempulizia chai, na kijiko kiko njiani kuelekea kinywani mwake. Na yeye mzee wa watu ameshaachama! Mkewe, aliyekuwa amekwenda kunawa mikono, akatukuta hivyo hivyo. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajieleza kwa kigugumizi, mkewe akacheka mpaka akakaa. "Basi endelea, mdogo wangu," akasema, "na mimi leo nile kwa amani."

Wiki nzima kwa mama mdogo kazi yangu ilikuwa kulala. Nikiamka nakunywa chai ikiwa bado ya moto, kitu nilichokuwa nimekisahau. Kilichoninyima raha ni kimoja. Kila nikipiga simu, Bi Taratibu alijibu, "Tupo, tunaendelea," lakini mama hakutaka kuongea na mimi. Nikasema basi, mama ameshaniweka kwenye kundi la watoto waliomtelekeza, na Kitinda alikuwa na haki.

Jana nikarudi. Nikamkuta sebuleni, kwenye kiti cha karibu na dirisha, amevaa gauni lake la bluu lenye vifungo vya mbele kuanzia shingoni hadi magotini. Lile nilishaacha kumvisha, lilikuwa linanimalizia asubuhi yangu. Vifungo vyenyewe vimepishana na matundu, kola upande mmoja imepanda hadi sikioni, upande wa pili imeshuka. Kabla hata ya shikamoo, mkono wangu ukaenda kurekebisha. Akanichapa kofi kwa ule mkono wake wa kushoto.

"Usiguse! Nimefunga mwenyewe."

Bi Taratibu akanieleza kwamba walianza baada ya chai wakamaliza karibu na chakula cha mchana, na hakumsaidia hata kifungo kimoja. Alikaa tu, anamsubiri. Na simu zangu? Mama alikuwa na shughuli. Halafu mama mwenyewe akaniambia, huku anatabasamu kwa ule upande mmoja, "Mwanangu, na mimi nilikuwa nimekuchoka. Mwezi ujao nenda tena." Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Tukapokea majirani na kola yake vile vile sikioni.

Basi usinune tena, mdogo wangu. Bi Taratibu atakuwa anakuja, na mama mwenyewe ndiye anayemuulizia. Ukipata likizo njoo na wewe ushike zamu, mimi nina usingizi mwingi wa kulipia.

Nisalimie wifi yangu na uwabusu mapacha. Mama mdogo anakusalimu, anasema simu si za kupokelea tu. Mungu akulinde ugenini, akupe afya na riziki, atukutanishe mama akiwa hai.

Barua hii itachelewa kufika posta, usinilaumu. Mama ameshika kalamu nyingine kwa mkono wa kushoto, anataka kukuandikia salamu zake mwenyewe kwenye karatasi yake. Bado yuko kwenye herufi ya kwanza. Nguo za watu zimejaa mezani, na mimi nimekaa, namsubiri.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,

Fundi