Moshi Nyuma ya Nyumba

Mama,

Jana tulikuzika, na leo nakuandikia kana kwamba umeenda Kyavinyonge kuchukua samaki na utarudi na lori la jioni. Watu walikuja wengi. Yule muuza makala, mwenye mikono myeusi kwa makaa, mliyegombania naye meza sokoni miaka yote alilia kuliko mimi. Ungecheka.

Nimeukumbuka ule mwaka wa vita, askari walipowakamata vijana wa mtaa wetu wawabebee mizigo, kaka Kambale akiwemo. Nyinyi mama za soko la Butembo mlifunga meza, mkaketi barabarani mbele ya kambi ya askari, kila mmoja na sufuria yake ameipindua chini. Mlikubaliana: hakuna kuuza, hakuna kuwasha jiko, mpaka watoto warudi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu na njaa isiyojua vita. Siku ya pili nikawasha moto nyuma ya nyumba, nikabandika maharage. Ulikuja mbio, nikajua leo nachapwa. Hukunichapa.

"Zima moto, Masika! Basoda kule kambini bakiona moshi, batasema tumechoka. Na Kambale, nani atamurudisha?"

Ukamwaga maji motoni, kisha ukakaa chini ukalia, maana hata wewe ulikuwa hujala. Ukanishika mkono tukaenda kuketi na wenzako. Nilinuna njia nzima, nisamehe.

Kesho yake mchana lango likafunguliwa. Kambale akatoka na kiatu kimoja. Hakuna mama aliyerusha hata jiwe.

Asante, Mama. Sikuwahi kukuambia, kwa aibu ya yale maharage. Kambale ana watoto wanne sasa, na jana ndiye aliyebeba msalaba wako.

Tulipotoka makaburini tulikuta mtaa mzima hauna moshi. Sufuria zimepinduliwa milangoni, wanawake wameketi kando yake. Sijui nani aliwaambia. Muuza makala akaniletea gunia dogo la makala.

"Washa wewe kwanza, Masika. Siye tuko nakungojea."

Kiberiti kikaniponyoka, nikakiokota. Nikabandika maharage, Mama, safari hii kwa ruhusa. Moshi wetu ulipopanda juu ya bati, ndipo na wao wakawasha. Nililia nikikoroga.

Pumzika sasa, umechoka. Sufuria yako ninayo mimi. Wakija tena kuchukua mtoto wa mtu, yeyote yule, nitaipindua pale pale barabarani, na sitawasha moto mpaka arudi.

Masika wako