Chupa Iliyobanduliwa Karatasi

Kwako binti yangu,

Sisi tu wazima. Paa limezibwa, na yule kuku wako mkorofi bado anataga juu ya kitanda changu. Anayeniandikia ni fundi cherehani wa jirani. Amekataa kuandika neno moja nililokuita, kwa hiyo lijaze mwenyewe.

Ulipomwacha mtoto wako kwangu ulinipa chupa ya dawa, ukaniambia, "Akilia sana, mama, mpe kijiko, atatulia." Nikampa. Akatulia kweli. Nikamwita, nikamfinya, nikammwagia maji, hakufumbua jicho. Nilimbeba mbio hadi zahanati, na chupa mkononi, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Muuguzi aliinusa ile chupa, akaleta nyingine ya dawa hiyohiyo yenye karatasi, akanisomea. Kumbe ni dawa ya mzio, ya mtu anayewashwa na kupiga chafya. Usingizi ni madhara yake, na mtoto wa miezi saba hapewi hata tone.

Ya kwako ulikuwa umeibandua karatasi. Mwanangu, mimi sijui kusoma hata jina langu. Ulikuwa unamficha nani?

Najua kazi inakuchosha. Wewe ulilia mwaka mzima, na mimi nilikuwa nachoka vilevile, lakini sikukunywesha kitu ila maziwa.

Dawa nimeimwaga chooni. Mtoto alizinduka siku ya pili, na sasa hivi analia mpaka fundi anakosea mistari. Anataka kumbembeleza, nimemwambia amwache kwanza. Nataka kumsikia.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda na sijakusamehe.